UZI: Kuotea au kumimina? Kwa wanaopiga picha za mechi, mbio na ngoma

Mleta uzi (Mbeya):

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Huu uzi nimeubeba moyoni tangu masika yaliyopita, leo nimepata wasaa wa kuushusha. Ni mrefu. Unawahusu wote wanaopiga picha za vitu visivyotulia: mpira, mbio, ngoma, hata harusi pale bwana harusi anaporushwa juu na marafiki zake.

Swali ni moja. Uko pembeni mwa uwanja, tukio linakuja, unafanyaje? Kuna wanaokandamiza kitufe na kumimina fremu (picha moja moja) mpaka kadi ijae, wakiamini kwamba katika mia haitakosekana moja. Na kuna wanaotulia, wakaotea, wakabonyeza mara moja au mbili. Kwenye mpira kuotea ni kosa, kibendera kinapanda. Kwetu sisi kuotea ndiyo kazi yenyewe. Nasema hivyo ingawa kamera yangu mwenyewe inaweza kumimina.

Nianze na lililonikuta. Ilikuwa fainali ya kombe moja la mtaani huku upande wa Uyole, mvua imetoka kunyesha, wingu bado limekaa milimani na mwanga ni hafifu. Mwandaaji alinilipa nusu. Nusu nyingine ningepewa nikimletea picha ya bao la ushindi, maana alitaka kulichapisha kwenye bango. Nilikuwa na Canon 7D ya mtumba, fremu 8 kwa sekunde, nimeiweka kwenye RAW, yaani faili ghafi na kubwa. Dakika za mwisho, bila kwa bila, ikapatikana kona. Mpigaji alipoinua mkono tu nikakandamiza. Trrrrr. Anakimbia, niko naye. Anapiga, niko naye. Nikahamisha lenzi kwenda golini, kidole kimelala palepale, na kamera ikaanza kusita: tr... tr... tr. Bafa imejaa. Kamera ile inahifadhi ndani yake RAW za sekunde mbili tatu hivi, zikishajaa inasubiri kadi imeze ndipo ipokee nyingine. Kati ya tr moja na tr nyingine kijana akapanda juu ya mabeki wawili, akapiga kichwa. Nilisikia uwanja unalipuka huku kitufe kimekufa chini ya kidole changu.

Usiku nikafungua picha. Mkono wa mpiga kona, mara tisa. Mgongo wa refa. Kipa ananyooshea mabeki kidole. Mpira uko wavuni na mfungaji ameshageuka, inaonekana namba ya jezi tu. Kichwa chenyewe hakimo. Pembeni yangu alikuwepo kijana mwenye kamera ya daraja la chini, fremu 3 kwa sekunde, na lenzi ileile iliyokuja nayo kwenye boksi. Yeye alikuwa nacho. Fremu moja: paji la uso limegusana na mpira, maji yanaruka kutoka kwenye nywele, beki amefumba jicho. Nikamuuliza, umepataje? Akasema namba tisa kona zote mbili za mwanzo alikimbilia nguzo ya karibu. Kwa hiyo safari ile hakumwangalia mpigaji kabisa. Aliweka fokasi kwenye nguzo ya karibu, akasubiri. Nusu yangu ya malipo sikuidai.

Baada ya hapo nikakaa chini nikapiga hesabu. Naomba mnifuate polepole hapa.

Mechi ya mchana wenye jua tunaipiga kwa shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/1000 ya sekunde. Ukipiga fremu 8 kwa sekunde, jumla ya muda shata imekuwa wazi ni 8/1000. Yaani katika sekunde nzima ya ile trrrr, kamera imeona chini ya sehemu moja ya mia. Zilizobaki zote ilikuwa imefumba. Nunua hata ya fremu 20 kwa sekunde, itaona sehemu mbili kati ya mia. Sisi tunasikia mlio, tunadhani tumefunika kila kitu.

Chukua penalti. Mpira wa kilometa 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Kutoka alama ya penalti hadi mstari wa goli ni mita 11, kwa hiyo ndani ya sekunde 0.4 umefika. Kwa fremu 8 utapata picha tatu za mpira ukiwa njiani, na kati ya picha na picha umeshasafiri mita tatu na nusu. Sasa ule mguso wenyewe, buti linapoukandamiza mpira mpaka unabonyea, unadumu takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Fremu 10 kwa sekunde zimeachana kwa sehemu kumi za mia. Ukimimina tu bila kulenga, bahati yako ya kunasa mguso ni moja kwa kumi. Mimi siku hizi nahesabu hatua za mpigaji tangu penalti ya kwanza ya mechi, na napata zaidi ya hapo.

Mfano mwingine ni wa nyumbani kwetu. Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa muda uleule, saa 2:09:48. Picha ya mstarini ikawatenganisha kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Fremu 8 kwa sekunde zimeachana kwa sekunde 0.125. Tofauti nzima ya dhahabu na fedha ingeingia mara nne kati ya fremu yako na inayofuata, na usingeiona. Ndiyo maana pale mstarini hukaa kamera ya aina nyingine kabisa, inayotazama ufito mmoja mwembamba wa mstari mfululizo bila kupepesa.

Aliyenifundisha kuotea hajawahi kushika kamera. Ni mama mmoja anayepeta mchele kwenye mashine za mpunga kule Igurusi. Nilikwenda na binamu yangu aliyekuwa na magunia yake ya kukoboa, foleni ikawa ndefu, nikatoa kamera ili nisikae bure. Mkitazama kwa makini mtaona ungo hautikiswi ovyo. Anauzungusha mara mbili, makapi yanajikusanya upande wa mbele, kisha mikono inashuka kidogo kama inavuta pumzi, ndipo inarusha. Punje zinapanda, zinatandazika hewani, upepo unachukua pumba kuelekea barabarani, punje zinarudi: shwaa. Nikataka kuzinasa zikiwa juu kabisa, zimetandazika. Picha kama ishirini za mwanzo zote zina ungo umejaa mchele na mama ameinamisha uso. Nilikuwa nasubiri nizione juu ndipo nibonyeze.

Jicho likiona, hadi kidole kitii, inapita kama sekunde 0.2. Kamera nayo ina uzito wake, kioo cha ndani kinyanyuke, shata ifunguke, weka sehemu tano za mia. Jumla robo ya sekunde. Na punje iliyorushwa sentimeta 30 kwenda juu inatumia robo ya sekunde kufika kileleni. Oneni zinavyolingana! Ukikiamuru kidole pale punje zinapoachana na ungo, shata itafunguka zikiwa kileleni. Nikaacha kuangalia punje, nikaangalia viganja. Viganja vikikata mwendo, bonyeza. Zikaanza kukubali. Mama alipotazama kwenye kioo cha nyuma alinyamaza kwanza, halafu akasema miaka yote hiyo anapeta hajawahi kuuona mchele wake umesimama.

Kusimama kule ni kweli, hakuletwi na kamera. Chochote kinachorushwa au kuruka hupunguza mwendo kadiri kinavyopanda, na nusu nzima ya muda wake wa hewani hukitumia katika robo ya juu ya kimo chake. Mcheza ngoma, kipa, mruka viunzi, wote. Anayejua hilo ana dirisha kubwa kuliko anavyodhani, ilimradi atangulie kubonyeza.

Kwa wenye kamera zenye kioo ndani kama mimi kuna jambo jingine. Wakati wa kupiga, kioo kinanyanyuka na kitundu cha kuchungulia kinakuwa giza. Kwa hiyo ukiona bao vizuri kabisa kwenye kitundu, jua hukulipiga. Picha nzuri ni ile ambayo wewe mwenyewe hukuiona. Nilipolielewa hili niliacha kusikitika pale ninapopata giza sekunde ya tukio. Giza ndiyo habari njema.

Nimalizie na picha ambayo wengi mmeiona. Bondia Muhammad Ali amesimama juu ya mpinzani wake Sonny Liston, mkono umekunjwa kifuani, anamfokea. Ilikuwa 25 Mei 1965, Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Aliyeipiga, Neil Leifer, alikuwa na miaka 22. Mkononi ana kamera ya Rolleiflex yenye filamu ya picha 12, na flashi zake kubwa zimening'inizwa juu ya ulingo. Flashi zile zikishapiga zinahitaji muda kujaa tena, kwa hiyo hata angetaka kumimina asingeweza. Kwa tukio lile alikuwa na moja. Tazameni tena kati ya miguu ya Ali: kuna mpiga picha mwingine ameketi, Herbert Scharfman, mkongwe kuliko Leifer. Naye alikuwa macho, naye alikuwa na kamera. Ali alikuwa amempa mgongo. Hapo mfululizo wa kasi yoyote usingemsaidia, maana suala lilikuwa amekaa wapi.

Siku hizi sijazima mfululizo. Nachagua mahali kabla ya mechi, naweka fokasi ya kufuatilia kwenye kitufe cha nyuma ili kidole cha juu kibaki na kazi moja, jicho la kushoto linabaki wazi likitazama uwanja mzima. Natangulia kidogo, napiga fremu tatu, naachia. Tatu basi. Tukumbuke pia shata inachakaa: nyingi za daraja la kati hukadiriwa kupiga 100,000 na zaidi kidogo. Kwa fremu 8 kwa sekunde, 100,000 ni chini ya saa tatu na nusu za kukandamiza. Kwa mtu aliyenunua kamera ya mtumba ambayo hajui imeshapiga ngapi, hiyo ni hela yake inayeyuka.

Uwanja ni wenu. Nipingeni.

Mdau wa Iringa:

Kamwene wakuu. Mleta uzi umeandika kwa moyo na nimesoma neno kwa neno, ila kuna mahali sikubaliani nawe.

Mifano yako yote ina mdundo. Mpiga kona anainua mkono. Mpiga penalti ana hatua zake. Mama ana ungo. Mimi napiga wanyama na ndege Ruaha, na mdiria, yule ndege anayevua samaki, hana kona wala penalti. Amekaa kwenye tawi juu ya maji dakika arobaini, hakupi dalili yoyote, halafu tawi linatikisika na yeye hayupo. Ukisema nitangulie, nitangulie nini?

Kamera ninayotumia sasa haina kioo. Nikibonyeza nusu inaanza kuhifadhi fremu na kuzifuta, kuhifadhi na kufuta, na nikikandamiza kabisa inanipa pamoja na zile za kabla sijakandamiza. Ile robo ya sekunde uliyoihesabu imefidiwa. Nina picha ya mdiria ambaye mdomo ndio umegusa maji, mkia bado juu, na naapa kidole changu kilichelewa. Halafu hesabu yako ya penalti inakwenda na kasi. Kamera ya Sony A9 III iliyotangazwa mwaka 2023 inafika fremu 120 kwa sekunde. Hizo zimeachana kwa chini ya sehemu moja ya mia. Mguso wako wa buti na mpira hapo unakosekanaje?

Na tusisahau mfululizo ndio uliotufundisha kuona. Mwaka 1878 kule Palo Alto, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi. Kabla ya hapo wachoraji wengi walimchora farasi anayekimbia miguu imenyooshwa mbele na nyuma. Picha zikaonyesha miguu yote minne inaachana na ardhi ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Hakuna uvumilivu wa jicho ungeliona hilo.

Mleta uzi:

Kamwene kaka. Kwa mdiria nimekubali, na nitaongeza: kwa kiumbe asiyetoa dalili, kamera inayokumbuka kabla ya kidole ni msaada wa kweli. Ningekuwa nayo ningeitumia na nisingeona haya.

Lakini umejijibu mwenyewe kuhusu tawi. Dakika arobaini umelenga tawi lile na siyo la jirani. Ulijuaje? Umeona kinyesi chake juu ya gogo, umeona maji ya pale ni ya kina kifupi na yametulia, umeona jana alikaa palepale. Huko ndiko kuotea. Kamera imekupa robo ya sekunde. Dakika arobaini umezitoa wewe.

Na Muybridge nampenda kuliko unavyodhani. Zile kamera 12 hakuna mtu aliyekandamiza kitufe. Kila moja ilikuwa na uzi umetandazwa kukatiza njia, na farasi mwenyewe ndiye aliyezifyatua alipofika. Kila kamera ilipiga picha moja, mahali pamoja palipochaguliwa kabla. Mimi naona watu kumi na wawili waliootea.

Kuhusu fremu 120: hesabu yako ni sahihi. Ila sekunde kumi tu za kumimina ni picha 1,200. Mechi ikiisha saa kumi na mbili jioni na kocha anataka picha tatu kwenye kundi la WhatsApp kabla watu hawajafika nyumbani, nani atazichambua hizo? Na kwa wanaosoma wakitaka kwenda kununua kamera isiyo na kioo: A9 III inasoma kihisi chote (sehemu inayopokea mwanga) kwa mkupuo mmoja. Nyingi nyingine, ukitumia shata ya kielektroniki, zinasoma mstari kwa mstari, na mpira wa kasi unaweza kutoka na umbo la yai. Jaribu kwanza kabla ya siku ya kazi.

Mdau wa Iringa:

Kinyesi juu ya gogo ni kweli. Hilo nakuachia.

Mdau wa Makambako:

Naomba kusema kwa niaba ya wanaopiga kwa ajili ya mitandao. Mteja wangu mkubwa ni timu ya vijana, wao hawataki picha moja, wanataka fremu sita saba za bao zipangwe kama filamu fupi. Hapo fremu tatu hazitoshi. Nimehamia JPEG, faili ndogo kuliko RAW, kwenye mechi, bafa inachukua nyingi zaidi kabla ya kusita, na mwanga ukiwa mzuri sioni hasara. Ila lile la kuanza kumimina tangu mpiga kona anainua mkono nami lilinitesa. Sasa naanza mpira ukiwa umeshafika usawa wa boksi.

Mzee wa filamu (Songea):

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu na yeye ndiye anayeniandikia.

Nilianza kupiga picha wakati filamu ni ya picha 36 na kila moja ina bei, kuanzia kununua, kusafisha hadi kuchapa. Ukishapiga unavuta filamu kwa kidole gumba ndipo upige nyingine. Kati ya moja na nyingine unaweza kumaliza sekunde nzima na zaidi. Harusi nzima nilikwenda na roli mbili. Kwa hiyo sisi kuotea hatukukuchagua, tulizaliwa nako.

Ninalotaka kuwaambia ni kuhusu ngoma, kwa sababu mmeongea sana mpira. Mganda wa kule Ziwa Nyasa nimeupiga miaka mingi. Kijana anayekuja na kamera siku hizi anaangalia miguu ya wachezaji. Mimi nilikuwa namtazama mpiga ngoma. Mwili wa mchezaji unafuata ngoma, na mkono wa mpiga ngoma unanyanyuka kabla ngoma haijalia. Ukiujua mkono ule, unajua mguu utakapokuwa. Mara nyingine nilikuwa nafumba macho kabisa duru nzima, nasikiliza tu, natikisa kichwa nao. Duru ya pili ndipo nainua kamera. Watu walidhani nimechoka.

Na siyo kila kilele kiko juu. Kwenye mganda picha yangu ninayoipenda ni ile wote wameinama, sekunde moja kabla ya kunyanyuka, wamevuta pumzi. Ukimimina utaipata, lakini hutaichagua, kwa sababu kwenye kioo chako itakuwa katikati ya picha za kuruka na utaipita.

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu. Na mjukuu asante kwa kuandika.

Hilo la kumtazama mpiga ngoma sijawahi kulifikiria, na nimepiga ngoma nyingi Kyela nikiwa nimekodolea miguu. Na la mwisho limenigusa zaidi. Nimerudi kwenye diski yangu ya zamani ya kuhifadhia picha na kukuta mechi moja ambayo kipa ameinama kabla ya penalti, vidole vimetandazwa, ulimi kidogo nje. Iko katikati ya mfululizo wa fremu kumi na moja. Niliipita mara zote nikitafuta ile anayoruka. Nimeitoa leo.

Mdau wa Tukuyu:

Habari zenu kaka zangu, na shikamoo mzee. Mimi sina kamera, nina simu ya kawaida. Ni mwalimu, tuna siku ya michezo wiki ijayo na nimeombwa nipige picha, hasa kuruka juu. Mwaka jana nilipata watoto wameshalala kwenye godoro, au wanakimbia hawajaruka. Simu inachelewa. Haya mnayosema yananihusu au nisubiri ninunue kamera?

Mleta uzi:

Dada, yanakuhusu wewe kuliko sisi wote. Fanya hivi. Fika mapema, simama upande wa pili wa ufito kwa mshazari, jua liwe nyuma yako, na piga magoti. Ukipiga ukiwa umesimama, ufito utaonekana uko chini na mtoto ataonekana hajaruka kitu. Gusa ufito kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi ifunge hapo, simu isianze kutafuta mtoto anapokuja. Hapo umeondoa ucheleweshaji mkubwa kuliko wote.

Kisha hesabu. Mtoto anayeinua mwili wake sentimeta 60 anapanda kwa takriban sekunde 0.35. Kidole chako kinakula 0.2 na simu inakula kiasi chake. Kwa hiyo bonyeza mguu wa mwisho unapoachana na ardhi, ukiwa bado unamwona yuko chini. Utahisi umewahi. Watoto watatu wa mwanzo wa mazoezi watumie kuipima simu yako: wakitoka wanashuka, tangulia zaidi, wakitoka bado wanapanda, chelewa kidogo. Simu nyingi ukishikilia kitufe au kukivuta pembeni zinapiga mfululizo. Tumia, lakini anza pale pale mguu unapoachana.

Na mjue anayeruka. Kuna wa mguu wa kushoto, kuna wa kulia, kuna anayegeuza mgongo. Wewe ni mwalimu wao, hilo unalo kutuzidi.

Mdau wa Tukuyu (siku tisa baadaye):

Nimerudi. Asubuhi ilikuwa na ukungu na manyunyu, tukaanza saa tano. Watoto watatu wa mazoezi wote walitoka wanapanda, kumbe simu yangu haichelewi kama nilivyodhani, mimi ndiye nilikuwa nachelewa. Nikawa nasubiri kidogo sana baada ya mguu kuachana.

Nimepiga picha 41 siku nzima. Kuna ya msichana wa darasa la sita, hana viatu, mgongo umepita ufito, kisigino bado, na anatazama juu. Nyuma yake wenzake wote wamefungua midomo. Mama yake amekuja shuleni leo kuiomba.

Mzee, nimefanya na lile lako. Kabla ya kuanza kukimbia kuna mvulana alikuwa anafunga macho na kusogeza midomo. Hiyo nayo ninayo.

Mleta uzi:

Dada, ya mvulana mpe yeye kwanza. Ya msichana, mama akiridhia, tuoneshe.